Kidole Changu Kinakaa Shingoni

Damu niliiona kabla ya maumivu, na maumivu yenyewe hayakuja. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka ukumbini, miguu nimenyoosha, kofia nyeupe mapajani, nashona vile vitundu vidogo vinavyozunguka kofia kama nyota. Nikaona vidoa vyekundu vimefuatana kwenye kitambaa kama sisimizi. Nikadhani uzi wa rangi umejichanganya. Nilipotazama mkono wangu wa kulia, sindano ilikuwa imeingia kando ya ukucha wa kidole gumba, na imesimama wima. Nikaichomoa. Sikusikia kitu.

Nimeandika "sikusikia", na neno hilo ndilo lililokuja kunitia mashakani. Nitalieleza likifika.

Mimi si mtu wa kuandika. Kusoma nimejifunzia ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, na mwalimu wetu alituambia tuwe tunaandika kidogo kila siku ili herufi zisitukimbie. Kwa hiyo mengine hapa nayatoa kwenye daftari langu, mengine kichwani, na ya kichwani sina hakika nayo sana. Nayaandika kwa ajili ya mtu aliyekaa kwenye benchi la hospitali sasa hivi, mkono kaulaza mapajani kama mzigo wa mwenzake aliyeombwa amshikie.

Tulikuwa tunakaa Kariakoo, nyumba ya vyumba sita, tumepanga vyumba viwili. Mume wangu Athumani alikuwa kibarua wa maghala bandarini, mtu wa maneno machache. Binti yetu Tatu alikuwa darasa la sita. Na mama mkwe wangu, Bi Mwanahawa, alikuwa ametoka kwao Rufiji kuja kukaa nasi baada ya masikio yake kuanza kufa. Hilo la masikio mliweke akilini. Nyumbani kwetu, kuanzia asubuhi hadi kulala, neno lilikuwa moja: Mama, unasikia? Unasikia, mama? Tatu alikuwa analisema hata akiwa usingizini.

Kofia nilifundishwa kushona na shangazi yangu, Kilwa. Ni kazi ya kuinamisha shingo. Ukiinua kichwa unapoteza tundu, kwa hiyo huinui. Miaka ilipita hivyo, nami nikajua kuwa shingo ya mshona kofia huuma, kama miguu ya mchuuzi inavyouma. Sikuihesabu kuwa ni ugonjwa.

Basi ganzi ilianzia kidole gumba na cha shahada, ikapanda upande wa nje wa mkono hadi begani. Nyuma ya shingo, kulia, palikuwa na sehemu ambayo nikipitisha chanuo naona kama linapita kwenye jamvi. Siku moja niliinua sufuria ya uji bila kitambaa, na nilijua nimeungua kwa harufu.

Kila mtu alikuwa na sababu yake, na kusema haki, kila mmoja alikuwa na sehemu ya kusikilizwa. Athumani alisema ni baridi yabisi, kwa kuwa nalala karibu na dirisha, na kweli nilikuwa nalala karibu na dirisha. Mama mkwe alisema nimepitiwa na upepo. Mpangaji wa chumba cha mbele alisema mjomba wake alianza hivyo hivyo, akaanguka upande mmoja, hakusema tena. Mimi mwenyewe nilifikiri pengine ni foleni, maana ulikuwa mwaka wa foleni za sukari na unga, na kikapu changu nilikuwa nakitundika bega lile lile. Niliacha kulala dirishani, nikahamisha kikapu, nikafukizwa ubani. Kidole kilibaki vile vile.

Nilikwenda hospitali ya serikali mwishoni mwa kiangazi, joto lile la kabla ya masika, ambapo hata benchi la sementi lina jasho. Watu walikuwa wengi. Tulikuwa tunasogea kwa makalio, mmoja akiingia sote tunasogea, na mahali ulipokaa mwenzako unapakuta pana moto wake. Mpaka leo nikifikiria hospitali, nafikiria joto la mtu nisiyemjua.

Daktari alikuwa mgeni, mrefu, mwenye miwani, ametoka nchi za mbali. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, kimenyooka kama kitabu. Aliniambia nifunge macho. Juu yetu kulikuwa na feni inayolia kwa kila mzunguko, na nje muuguzi anaita majina. Nikafunga macho. Nikasikia sauti ya chini sana ikiuliza:

"Unasikia?"

Nikajua ananiuliza kama sauti yake inanifikia. Nani asingejua hivyo, akitoka nyumbani kwetu? Nikajibu kwa ukweli.

"Kidogo, daktari."

"Na hapa?"

"Sisikii vizuri."

"Hapa je?"

"Hapo sisikii kabisa," nikamwambia, maana nilidhani anahama-hama, na feni ilikuwa imezidi. Nikawa najiuliza kwa nini mtu mpole hivi asipaze sauti kidogo tu.

Nilipofumbua macho alikuwa ameugeuza mkono wangu anatazama baka jeupe-jeupe karibu na kiwiko. Baka lile lilikuwa na zaidi ya mwaka, na kwa kuwa haliwashi sikulijali. Akalipapasa. Uso wake ukabadilika, ukawa mpole zaidi, na upole ule ulinitisha kuliko ukali. Akasema ni lazima ngozi ipimwe, nisiogope, akanielekeza jengo la nyuma.

Kwenye mlango wa jengo la nyuma kulikuwa na kibao. Mimi nasoma kwa silabi, hata sasa. Nikasoma: kli-ni-ki. Nikasoma: ya. Nikakaa kwenye benchi huku nikiendelea kusoma, na nilipomaliza neno la mwisho nilikuwa tayari nimekaa chini yake. U-ko-ma.

Sitaeleza sana nilivyojisikia. Niseme tu kwamba nilitazama njia, kama kuna anayenifahamu.

Pembeni yangu alikaa mzee mmoja, fundi viatu, mtu wa Masasi. Jina lake Mzee Chitanda. Vidole vyake vya mkono wa kushoto vilikuwa vimekunjamana, lakini viatu alivyovaa vilikuwa vimeshonwa vizuri kuliko vyote nilivyoviona siku ile. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akautazama mkono wangu ulioungua.

"Sufuria?" akauliza.

Nikasema ndiyo.

"Mimi pasi ya mkaa. Maji uyapime kwa kiwiko, mama. Na kikombe ukishike kwa kitambaa hata kama kimepoa. Mkono ukishaanza kusema uongo, usiuamini hata siku moja."

Kisha akanieleza taratibu kwamba ugonjwa huu una dawa, kwamba anayemeza dawa hamwambukizi mtu, na kwamba mkewe anakula naye. Alilisema hilo la mwisho kama mtu anayeonyesha cheti. Nikaitwa ndani, wakanichana ngozi kidogo kwenye ncha ya sikio na kwenye lile baka, wakaniambia nirudi majibu yakitoka.

Nyumbani nilimwambia Athumani peke yake, chumbani, kwa kunong'ona. Alikaa kitandani akashika magoti. Akasema mama yake lazima ajue, tunakula sinia moja, si haki kumficha. Nilikubali kuwa si haki. Ila hatukufikiri jambo moja, na nawaachia mcheke. Mama mkwe hawezi kunong'onezwa. Athumani alimfuata uani, akajaribu kwa sauti ya chini, akaulizwa nini. Akapandisha, akaulizwa nini. Mwisho ikabidi aseme kwa sauti anayoisikia mama yake, na sauti anayoisikia mama yake inasikika vyumba sita na nyumba ya jirani.

"WANASEMA LABDA NI UKOMA, MAMA. UNASIKIA?"

Uani, aliyekuwa anatwanga akaacha kutwanga.

Jioni ile sinia liliwekwa kama kawaida, na kando yake bakuli la bati lenye kifuniko. Hakuna aliyesema la nani. Nililichukua nikakaa karibu na mlango. Bwana aliyeniagizia ile kofia kwa ajili ya Idi akatuma salamu kwamba nisijisumbue, amepata nyingine. Alituma kwa heshima, sina la kumlaumu. Nani atavaa kichwani kitu asichojua kimetoka mkono gani?

Mama mkwe nisimwandike vibaya. Utotoni kwao alimwona kaka yake akipelekwa kwenye kambi ya wagonjwa ng'ambo ya mto, na walimwachia chakula juu ya jiwe. Hakurudi. Mtu aliyeona hivyo akitenga bakuli, ametenga kwa hofu aliyokua nayo. Na huyo huyo, kila nikimaliza kula, alikuwa anakuja na mafuta ya nazi ya moto kunikanda shingo kwa mikono yake mitupu, kwa sababu nilisema inauma. Bakuli langu haligusi, ngozi yangu anaikanda. Sijui kama mwenyewe aliona kuwa anafanya mambo mawili yasiyopatana. Mimi niliona, nikanyamaza, nisije nikapoteza lile moja.

Tatu ndiye aliyeleta ugomvi. Siku moja aliondoka kwenye sinia, akaja akakaa nami mlangoni, akafunua kifuniko, akatia mkono akala. Bibi yake akamvuta, Athumani akasema mwache, bibi akalia, Athumani akatoka kwenda barazani bila kumaliza chakula. Usiku nilimwambia Tatu asirudie. Akasema mchicha wa kwenye bakuli una nazi zaidi. Ilikuwa uongo, ulikuwa mchicha ule ule.

Mvua za masika zilikuwa zimeshaanza niliporudi kuchukua majibu. Kwenye jengo la nyuma waliniambia hawakuona kitu kwenye ngozi, lile baka ni choa, wakanipa dawa ya kupaka. Wakanirudisha kwa daktari yule yule. Aliisoma karatasi, akaisoma tena, akakunja uso kama mtu ambaye ufunguo wake hauingii. Alisema majibu ya ngozi ni mazuri, ila hayapatani na nilivyomjibu siku ile. Akaniambia nifunge macho.

Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika. Feni kimya. Mvua tu, mbali.

"Unasikia?"

"Leo nakusikia vizuri sana, daktari," nikasema. "Siku ile feni ilikuwa inatusumbua."

"Unanisikia mimi?" akauliza.

"Ndiyo. Sauti yako."

"Na pamba?"

"Pamba gani?"

Nikafumbua macho. Alikuwa ameshika kipande cha pamba juu ya mkono wangu, hakitikisiki. Alinitazama, nami nikamtazama. Kisha akakaa kwenye kiti taratibu, akavua miwani.

"Mama," akasema, "siku zote hizi mimi nilikuwa napima mkono, na wewe ulikuwa unanijibu masikio."

Akacheka mpaka akafuta macho, halafu akaacha ghafla, akaniomba radhi. Nami nikamwomba. Nimelifikiria sana jambo hili, nami sijaona wa kumlaumu. Yeye aliuliza Kiswahili sahihi. Mimi nilijibu Kiswahili sahihi. Neno letu lenyewe ndilo lenye milango miwili, mmoja wa sikio na mmoja wa ngozi. Yeye aliingilia huu, nami nikatokea ule.

Akaanza upya. Akasema yeye hatatamka neno, akinigusa niseme "hapo". Nikafunga macho. Hapo. Hapo. Kisha kimya kirefu, najua anagusa lakini sijui wapi. Hapo. Alipomaliza alikuwa amechora kwa kalamu ya wino kwenye mkono wangu, na nilipoangalia niliona njia. Imeanza shingoni, imepita begani, imeshuka upande wa nje wa mkono, imeishia kidole gumba na cha shahada. Kando ya mstari ule nilikuwa mzima. Ndani yake sikuwepo.

Kisha akasimama nyuma yangu, akakiinamisha kichwa changu upande wa kulia, akakikandamiza kwa juu, si kwa nguvu. Na kidole gumba kikawaka. Nasema kikawaka, sina neno jingine. Hakuna aliyekigusa. Kilikuwa kimelala pajani, mbali kabisa na mkono wake, nacho kikashtuka kama mtu aliyeitwa jina lake kutoka chumba kingine.

"Kidole gumba chako kinakaa hapa," daktari akasema, akanibonyeza shingoni kwa ncha ya kidole, mahali mshipa wa fahamu ulipobanwa na mfupa.

Nikauliza swali la kitoto, lakini nililitaka jibu lake. "Na kidole cha mwisho kinakaa wapi?"

Akashuka chini kidogo kwenye uti. "Hapa. Chumba cha uani."

Mwili huu nimekaa nao miaka yote, nimezaa nao, nimeufungia khanga, nimeuogesha, na sikujua kuwa ndani mna nyumba yenye mpango, kila kidole na mlango wake. Nilitoka pale nikitembea polepole kama mtu aliyebeba mayai. Niliwatazama watu kwenye foleni, kila mmoja na shingo yake, nikaona ajabu kwamba wanageuka geuka ovyo vile, hawajui wanachokibeba. Subhanallah. Hata leo namtazama Tatu akisuka ukili, naona zile njia chini ya ngozi, na mwili unanisisimka.

Nikiwa na furaha ile nilikutana na Mzee Chitanda kwenye ukumbi, amekuja kuchukua dawa zake. Mdomo ulikuwa umeshafunguka kumwambia: si ukoma. Ukafunga wenyewe. Nikaona kwamba neno lililoniondolea mzigo ndilo analobeba yeye, na shukrani yangu, nikiitoa mbele yake, inageuka kuwa tusi. Lakini aliona wino kwenye mkono.

"Si wetu, eh?" akasema.

"Ni shingo, mzee."

"Vizuri. Nenda ukale na wenzio. Na wakikuuliza umeona nini huku nyuma, waambie umeona watu."

Nimewaambia. Na wewe unayesoma, nimekuambia.

Jioni Athumani alinisikiliza mpaka mwisho. Akasimama, akaenda uani, na safari hii hakuanza kwa sauti ya chini. Alisimama katikati kabisa, karibu na jiko la mpangaji wa mbele, akapaza sauti kuliko masikio ya mama yake yalivyohitaji.

"SI UKOMA, MAMA. NI SHINGO. DAKTARI AMEPIMA. SHINGO."

"Tumesikia, Athumani," ikajibu sauti kutoka chumba cha nne. Na watu wakacheka, nami chumbani nililia. Huyu ni mtu ambaye hata kuomba chumvi kwenye sinia anaona ni hotuba.

Lakini bakuli lilikuja jioni ile vile vile, na kifuniko chake. Mama mkwe alisema daktari aliyekosea mara moja anaweza kukosea mara mbili, na kwa hesabu hiyo sikuweza kumbishia.

Matibabu yalichukua masika yote na kipupwe. Nilikuwa nakwenda kuvutwa shingo. Unalazwa, unafungwa mkanda wa ngozi kidevuni, kamba inapita juu ya gurudumu, na mwisho wake unaning'inia mfuko wa mchanga. Mara ya kwanza nilijiona kama ng'ombe aliyefungwa mnadani. Mara zilizofuata nilikuwa nasinzia. Mfuko wa mchanga tu, mchanga ule ule wa ufukweni, unavuta kimya kimya, unafungua mlango uliobanwa. Nilivaa kola ngumu, watoto wa mtaa wakaniita twiga, na baadhi yao walikuwa wanaongeza shikamoo. Na kazini nilibadilisha ukaaji. Athumani alinigongea meza ndogo ya mbao za makreti, yenye mteremko kama ya mwalimu, kofia inakuja kwenye macho badala ya macho kuifuata kofia. Mwanzoni nilikosea vitundu vingi.

Hisia hazikurudi kwa siku moja. Zilikuja kwanza kama mchwa wanaotembea, halafu kama maji ya barafu, halafu maumivu. Niliyapokea maumivu yale kama mgeni aliyesafiri mbali. Kidole cha shahada hakijarudi chote hadi leo. Ncha yake bado imelala, nami bado nashika kikombe kwa kitambaa, kama nilivyofundishwa.

Nimeona ganzi za watu wengine zikitoka kwenye kisukari, kwenye moyo, kwenye kiganja chenyewe, na wapo ambao ni kweli ukoma. Mimi sijui ya kwako. Nenda kapimwe. Na ukiulizwa kama unasikia, uliza kwanza: nini?

Siku moja ya kipupwe, upepo wa kusini umeanza kukausha nguo haraka, nilitoka jikoni nikakuta sinia limewekwa na bakuli halipo. Nilitafuta kwa macho. Mama mkwe alikuwa anatazama wali. Tatu alikuwa anamtazama bibi yake. Nikakaa, mahali pangu pa zamani, palikuwa pameachwa wazi. Nikatia mkono. Wali ulikuwa umetoka motoni sasa hivi, na kidole gumba kikaungua, nikakivuta na kukitia mdomoni.

Mama mkwe akanyoosha mkono juu ya sinia, akakichukua kidole changu, akakigeuza, akakifinya kwa ukucha.

"Unasikia?" akauliza.

"NASIKIA, MAMA!"

"Usinipigie kelele," akasema. "Nimekuuliza kidole."